Minyoo ya moyo kwa mbwa na paka: kupima, kutibu kwa tarehe na kukinga

Mbwa aliyezoea kutangulia njiani sasa anabaki nyuma, anakohoa kikohozi kikavu kila akitoka mbio, anakonda ilhali anamaliza chakula. Dalili hizi zina sababu nyingi, na minyoo ya moyo ni mojawapo. Ikithibitika kuwa ndiyo, jambo la kwanza ni kutofanya haraka. Minyoo ya tumbo ikiuawa hutoka kwa kinyesi. Ya moyo haina pa kutokea. Inapokufa, mizoga yake husukumwa na damu hadi kwenye mishipa midogo ya mapafu na kuiziba, na mbwa aliyekuwa anakohoa tu anaweza kufa kwa dawa iliyokusudiwa kumponya. Ndiyo maana tiba yake ina kalenda, na kila tarehe kwenye kalenda hiyo ina sababu.

Mnyoo wenyewe

Jina lake la kitaalamu ni Dirofilaria immitis. Jike hufikia sentimita 25 hadi 30, mwembamba na mweupe kama tambi iliyopikwa. Dume ni kama nusu ya hapo au zaidi kidogo. Ingawa tunasema minyoo ya moyo, makazi yake hasa ni ateri za mapafu, na ikiwa mingi ndipo hurudi nyuma hadi vyumba vya kulia vya moyo. Ndani ya mbwa huishi miaka 5 hadi 7, ndani ya paka miaka 2 hadi 4.

Jike huzaa vitoto vidogo visivyoonekana kwa macho, mikrofilaria, ambavyo huzunguka kwenye damu vikimsubiri mbu. Bila mbu haviwezi kukua. Mbu akishavinyonya, huchukua siku 10 hadi 14 kwenye joto la nyuzi 27 kufikia hatua ya kuambukiza. Joto likishuka chini ya nyuzi 14 ukuaji husimama. Mkazi wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam aelewe maana yake: kwake hakuna msimu ambao mbu hawezi kukamilisha kazi hiyo. Mbwa haambukizwi kwa kulambana na mwenzake, kwa kula pamoja wala kwa kinyesi.

Mbu akiuma tena, mabuu huachwa juu ya ngozi na kupenya kwenye tundu la sindano yake. Hukaa chini ya ngozi na kwenye misuli, kisha husafiri, na kati ya siku ya 70 na ya 120 huwa yameingia kwenye ateri za mapafu. Mikrofilaria mpya huanza kuonekana kwenye damu baada ya miezi 6 au 7.

Shikilia hesabu hii, kwani tiba na kinga vyote vimejengwa juu yake. Dawa za kinga za kila mwezi huua mabuu yenye umri wa hadi siku 30 hivi. Sindano ya kuua minyoo mikubwa huua kwa uhakika iliyokwisha komaa, kuanzia miezi minne. Katikati lipo kundi la minyoo michanga ambayo ni mikubwa mno kwa dawa ya kwanza na midogo mno kwa ya pili.

Kupima

Fanya vipimo viwili kwa pamoja, kimoja hakitoshi. Cha kwanza ni cha antijeni, kile kifurushi cha haraka kinachofanana na kipimo cha mimba: matone ya damu au ya majimaji ya damu, dawa yake, kisha unasubiri mstari kwa dakika zilizoandikwa kwenye kifurushi. Kinachosakwa ni protini ya minyoo jike iliyokomaa. Kwa hiyo kitajibu hakuna iwapo minyoo ni madume matupu, ni michanga, au ni jike mmoja tu. Kumpima mtoto wa mbwa kabla hajatimiza miezi 7 ni kupoteza kifurushi. Zaidi ya hayo, wapo mbwa ambao kingamwili zao zimeishika antijeni na kuificha. Daktari akiwa na shaka kubwa, maabara inaweza kuchemsha majimaji ya damu kwa nyuzi 104 kwa dakika 10, kisha kupima upya.

Kipimo cha pili ni kutafuta mikrofilaria. Kliniki yoyote yenye hadubini na sentrifuji inaweza kukifanya kwa njia ya Knott iliyoboreshwa:

1. Chukua damu mililita 1 kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Jioni ni bora, kwani mikrofilaria huongezeka kwenye mishipa ya pembeni.
2. Changanya na mililita 9 za formalini ya asilimia 2. Geuzageuza taratibu hadi mchanganyiko uwe wa rangi ya divai nyekundu inayopitisha mwanga. Ukibaki mzito kama damu, chembe hazijapasuka, endelea.
3. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 5, mizunguko 1,500 kwa dakika.
4. Mwaga maji ya juu kwa mkupuo mmoja, bila kutikisa. Mashapo ya chini ndiyo unayoyataka.
5. Dondoshea tone la bluu ya methilini, funika kwa kioo chembamba, tazama kwa lenzi ya 10 kisha ya 40.

Hapa ndipo makosa mengi huingia, kwa sababu si kila kijiuzi kinachocheza kwenye damu ya mbwa ni mnyoo wa moyo. Dirofilaria immitis ana urefu wa mikromita 295 hadi 325, kichwa kinachochongoka na mkia ulionyooka. Acanthocheilonema reconditum, anayeletwa na viroboto na asiyeleta madhara ya maana, ni mfupi zaidi, mikromita 250 hadi 288, kichwa chake butu, na mara nyingi mkia umepinda kama ndoana. Dirofilaria repens, anayeishi chini ya ngozi, ni mrefu kuwashinda wote wawili, 350 na zaidi. Na pwani ya Kenya ina wake: Brugia patei, aliyepewa jina la kisiwa cha Pate alipoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958, huwapata mbwa na paka, na mikrofilaria yake huvaa ala nyembamba inayozidi urefu wa mwili. Ukiona ala, umeshajua kuwa si mnyoo wa moyo.

Ukitazama tone la damu mbichi kabla ya kutia dawa yoyote, mwendo nao unasema kitu. Mikrofilaria ya moyo hujinyonganyonga papo hapo ilipo. Reconditum hukata mbuga na kupotea nje ya duara la hadubini. Hiyo ni dokezo tu, hukumu iachiwe vipimo vya urefu na umbo.

Mikrofilaria ipo lakini antijeni haipo? Fikiria kwanza aina nyingine. Antijeni ipo, mikrofilaria haipo? Huenda mbwa amekuwa akipewa dawa ya kinga kwa kurukaruka, au minyoo ni ya jinsia moja. Antijeni ikijibu ndiyo kwa mbwa asiye na dalili wala mikrofilaria, rudia kwa kifurushi cha kampuni nyingine kabla ya kuanza safari ndefu na ya gharama.

Eneo letu lina mtego mwingine. Mbwa anayekonda na kuchoka hupewa doksisiklini kwa kuhisiwa homa ya kupe, naye anapata nafuu. Nafuu hiyo haiondoi uwezekano wa minyoo ya moyo, kwa sababu doksisiklini ni sehemu ya tiba yake pia, kama itakavyoonekana. Pima vyote.

Ikithibitika, piga eksirei ya kifua, pima figo, ini, wingi wa damu na mkojo. Ultrasaundi ya moyo ikipatikana huonyesha minyoo kama mistari miwili meupe inayokwenda sambamba. Na ukikuta mbwa ameanguka ghafla, ufizi mweupe, anahema, mkojo wa rangi ya kahawa, usimchome dawa ya minyoo. Minyoo imejaa hadi kwenye vali ya moyo na inapasua chembe za damu. Tiba pekee ni daktari kuivuta kwa chombo kupitia mshipa wa shingo, siku hiyo hiyo.

Kutibu mbwa

Mpangilio ufuatao ndio unaopendekezwa na Jumuiya ya Marekani ya Minyoo ya Moyo. Unasimamiwa na daktari wa mifugo. Mwenye mbwa anausoma ili aelewe anacholipia na kwa nini haraka haisaidii. Tumchukue mbwa wa kilo 20.

Siku ya kwanza anaanza mapumziko, na mapumziko hayo ni dawa kamili. Moyo ukienda mbio, damu husukuma vipande vya minyoo mbali zaidi ndani ya mapafu. Kwa mbwa mlinzi hili ni gumu, maana kazi yake ni kukurupuka usiku kucha. Mwondoe kwenye geti. Awe kwenye banda dogo, mbali na barabara na mbwa wanaopita, atoke kwa kamba kwa ajili ya haja tu. Jike akipata joto, mfungie mbali na madume; vurugu za siku hizo zinatosha kuharibu miezi miwili ya kazi.

Siku hiyo hiyo anapewa dawa ya kinga ya mwezi. Kama damu yake ina mikrofilaria nyingi, tangulia na dawa ya mzio na ya steroidi, umtazame kwa saa 8 angalau. Mikrofilaria zikifa kwa wingi mbwa anaweza kutapika, kulegea na kuzimia, na milbemaisini, mojawapo ya dawa hizo za kinga, ndiyo inayojulikana zaidi kwa hilo.

Kuanzia siku ya 1 hadi ya 28: doksisiklini miligramu 10 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Kwa mbwa wetu ni miligramu 200 asubuhi na 200 jioni, yaani kapsuli za miligramu 100 nne kwa siku, jumla 112. Nunua zote kwa pamoja ili zisikatike. Dawa hii haimuui mnyoo moja kwa moja. Inaua Wolbachia, bakteria wanaoishi ndani yake. Mnyoo ukinyang'anywa bakteria hao hudhoofika, hushindwa kuzaa, na ukifa baadaye hauchochei uvimbe mkali kwenye mapafu. Mpe pamoja na chakula, la sivyo atatapika.

Siku ya 30 anarudia dawa ya kinga. Kisha mwezi mzima hakuna kinachofanyika, na ndipo wenye mbwa wengi hukata tamaa au kudhani wamesahauliwa. Wanasubiri lile pengo lijifunge. Dawa ya kinga imezuia mabuu mapya; ile minyoo michanga ya katikati inakua hadi kufikia umri ambao sindano itaipata.

Siku ya 61 ni sindano ya kwanza ya melasomini, dawa yenye asili ya aseniki, miligramu 2.5 kwa kila kilo. Chupa ya miligramu 50 huchanganywa na mililita 2 za maji safi ya sindano, hivyo mbwa wa kilo 20 anapata mililita 2 kamili. Inachomwa ndani kabisa ya misuli ya kiuno, kati ya pingili ya tatu na ya tano, wala si pajani wala chini ya ngozi. Mbwa wa zaidi ya kilo 10 anahitaji sindano ya geji 22 yenye urefu wa inchi moja na nusu; mdogo wa hapo, geji 23 ya inchi moja. Badilisha sindano baada ya kuvuta dawa, na ukishachomoa bonyeza kwa kidole dakika 2 au 3. Dawa ikivuja chini ya ngozi huleta uvimbe na maumivu makali. Andika upande uliochoma, maana wa pili utakuwa wa upande mwingine.

Tangu siku hiyo anatumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, miligramu 0.5 kwa kilo: kwa mbwa wetu ni vidonge 2 vya miligramu 5, mara mbili kwa siku wiki ya kwanza, mara moja kwa siku wiki ya pili, siku moja ndiyo moja hapana wiki ya tatu na ya nne. Vidonge 56. Usimchanganyie na aspirini au dawa nyingine ya maumivu. Tumbo litatoka vidonda.

Siku ya 90 sindano ya pili, siku ya 91 ya tatu, na prednisoloni inaanza upya kwa mpango ule ule. Sababu ya kuanza na moja kisha kupumzika mwezi ni kupunguza mizigo: sehemu ya minyoo inakufa kwanza, mapafu yanapata muda wa kusafisha, ndipo iliyobaki inamalizwa. Mpango huu wa sindano tatu huua takriban asilimia 98 ya minyoo, wa sindano mbili takriban 90.

Siku za hatari ni kuanzia ya 7 hadi wiki ya 4 baada ya sindano. Homa, kukohoa upya, kuhema, povu lenye damu, kukataa chakula: arudi kliniki saa hiyo. Mapumziko yaendelee wiki 6 hadi 8 baada ya sindano ya mwisho, hata mbwa akiwa anaruka kwa furaha. Siku ya 120 apimwe mikrofilaria. Antijeni isipimwe kabla ya miezi 9 kupita tangu sindano ya mwisho, maana minyoo inayokufa taratibu huendelea kuacha alama yake.

Melasomini haipatikani kila mahali. Isipopatikana, njia ya pili ni moksidektini, mojawapo ya dawa za kinga, ya kudondoshea shingoni kila mwezi pamoja na doksisiklini ya siku 28, kisha kupima antijeni kila miezi 6. Inafanya kazi, lakini taratibu. Kwa miezi mingi minyoo inaendelea kukwaruza ateri, na mbwa lazima azuiliwe mbio muda wote huo. Ni njia ya kulazimika. Panapokuwa na uwezo wa kuagiza sindano, agiza.

Dawa ya ng'ombe kwenye mwili wa mbwa

Kwenye maduka ya dawa za mifugo, ivamektini ya sindano ya asilimia 1 ni rahisi na iko kila rafu, na wengi humchoma mbwa "kidogo tu". Tufanye hesabu. Asilimia 1 ni miligramu 10 kwa mililita. Dozi ya kinga ya minyoo ya moyo ni mikrogramu 6 kwa kilo. Mbwa wa kilo 20 anahitaji mikrogramu 120, ambazo ni mililita 0.012. Chukua bomba la mililita 1 ulitazame: kistari kidogo kabisa ni 0.01. Hakuna mkono unaoweza kupima hapo. Mililita 1 ya "kukadiria" inampa zaidi ya mara 80 ya dozi. Mbwa wa damu ya kolii na jamaa zake, ambao ubongo wao hauwezi kuizuia dawa hii, wanaweza kupepesuka, kupofuka kwa muda, kuzimia na kufa kwa dozi ndogo kuliko hiyo. Tafuta kidonge au dawa ya kudondoshea iliyotengenezwa kwa uzito wa mbwa wako.

Paka ni habari nyingine

Mwili wa paka hauupendi mnyoo huu na huua mingi mapema, na ndiyo shida yenyewe. Miezi 3 au 4 baada ya kuumwa na mbu, minyoo michanga hufika mapafuni, hufa pale, na paka huanza kukohoa na kuhema kama mwenye pumu. Anaweza pia kutapika bila uhusiano na chakula. Inayosalimika ni mmoja au wawili, mikrofilaria ni nadra, hivyo kipimo cha antijeni peke yake kitakudanganya. Pima antijeni na kingamwili, piga eksirei, na mtaalamu wa ultrasaundi atafute mistari ile miwili.

Melasomini haitumiki kwa paka. Kinachofanyika ni kutuliza mapafu: prednisoloni miligramu 2 kwa kilo kwa siku, ikipunguzwa hatua kwa hatua hadi 0.5 siku moja ndiyo moja hapana ndani ya wiki 2, kisha wiki 2 nyingine na kusimamisha, na kurudia dalili zikirudi. Ukimpa doksisiklini, fuatisha mililita 5 za maji kwa bomba, kwani kidonge kikikwama kooni mwa paka hukichoma. Mwenye paka aambiwe wazi kwamba mnyoo mmoja ukifa wenyewe unaweza kumwangusha paka papo hapo. Kwa hiyo kwa paka kinga ndiyo tiba halisi, hata kwa yule asiyetoka nje, maana mbu huingia ndani.

Kukinga

Anza mtoto akiwa na wiki 8, bila kipimo. Mwenye zaidi ya miezi 7 apimwe kwanza. Kwa mbwa kuna ivamektini ya kidonge, mikrogramu 6 kwa kilo. Milbemaisini, miligramu 0.5 kwa kilo. Selamektini ya kudondoshea, miligramu 6 kwa kilo, inayomfaa na paka. Na moksidektini, ambayo kwa mbwa ipo pia ya sindano ya miezi 6 au 12. Dozi za paka ni tofauti: ivamektini mikrogramu 24 kwa kilo, milbemaisini miligramu 2 kwa kilo. Usigawe kidonge cha mbwa kwa paka, na usimpake paka dawa ya mbwa yenye pamethrini, inamuua.

Dawa ya kinga hutazama nyuma: kidonge cha leo kinasafisha mabuu ya mwezi uliopita. Toa mwaka mzima, tarehe ile ile. Kwenye bonde la Mto Mississippi huko Marekani tayari wamekutwa minyoo sugu, na kipimo cha kila mwaka ndicho kinachowagundua mapema.

Kupunguza mbu kunasaidia. Mwaga maji ya matairi, makopo na sahani za maua mara moja kwa wiki, kwani yai huwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10. Funika shimo la maji machafu. Weka wavu kwenye banda, na kumbuka kuwa mbu wa Aedes huuma mchana, hivyo kumfungia mbwa usiku peke yake hakutoshi.

Ukisahau dozi, mpe siku unapokumbuka na uendelee kila mwezi kuanzia hapo. Pengo likizidi miezi 2, mpime siku hiyo, kisha hesabu miezi 7 mbele na uiandike tarehe hiyo kwenye kadi yake ya chanjo kabla hujaondoka kliniki: ndipo kipimo kitakapoweza kuonyesha kilichoingia wakati wa pengo.